Uzi wa aiptasia na manjano kwenye tangi la matumbawe: usimkwangue, na usichemshe jiwe

Matumbawe255 (Dar es Salaam)

Wakuu, habari zenu. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wenzetu wanaofuga matumbawe nyumbani. Swali la vianemoni vya kahawia, yaani wanyama laini wa baharini wenye minyiri, vinavyoota juu ya mawe linarudi kila mara, na kila mara anatokea mtu wa kumwambia mwenzake achukue kisu akwangue. Ushauri huo ndio unaojaza matangi ya watu. Nitaweka ninayoyajua, wenye uzoefu waongeze, wenye maswali waulize bila kuona haya.

Kwanza tumjue tunayepambana naye, maana wako wawili na dawa zao si moja.

Aiptasia ana shina refu jembamba, rangi ya kahawia inayopitisha mwanga, na minyiri mirefu iliyochongoka nchani. Ukimsogelea kwa kidole anajivuta tunduni kabla hujamfikia. Manjano, ambaye wauzaji wengi humwita majano, ni mfupi na mnene. Minyiri yake ni mifupi, ncha zake zimevimba kidogo, na anaweza kuwa wa kijani, waridi au hudhurungi. Huyu wa pili anapendeza macho, ndiyo maana watu humwachia nafasi mpaka anatawala jiwe zima. Kwa kisayansi ni Anemonia manjano. Alielezwa na Oskar Carlgren mwaka 1900 kutokana na vielelezo alivyokusanya Franz Stuhlmann huku huku Afrika Mashariki mwaka 1888 na 1889. Ni mwenyeji wa bahari yetu, kwa hiyo jiwe la huku linaweza kuja naye.

Kabla hujashika sindano, hesabu minyiri. Ukikuta minane, na kila mmoja una vijinyoya pembeni, hilo ni tumbawe laini, liache liishi. Ukikuta taji la manyoya linalotoka kwenye mrija, huyo ni mnyoo wa mrija, anakuchujia maji. Watu wanaua viumbe wasio na hatia kwa haraka ya kutaka tangi safi.

Sasa kwa nini nasema usikwangue. Aiptasia huzaliana kwa unyayo wake. Akijisogeza juu ya jiwe huacha nyuma vipande vidogo vya nyama, na kila kipande kinaweza kuota minyiri na kuwa aiptasia kamili. Ukimkwangua kwa kisu unamfanyia kazi hiyo hiyo kwa kasi kuliko yeye mwenyewe, halafu pampu inasambaza vipande tangi zima. Tena akibughudhiwa hutoa nyuzi nyeupe kupitia vitundu vya ubavuni. Nyuzi hizo zimejaa seli za kuchoma, na tumbawe lililo jirani ndilo linaloumia.

Na ni mgumu kufa. Ndani ya nyama yake ana mwani wa seli moja unaomlisha kwa mwanga, kama walivyo matumbawe wenyewe, na wakati huo huo anakamata chakula kwa minyiri. Wanasayansi wamemfanya mnyama wa maabara kwa sababu hiyo. Ramani ya jenomu yake ilichapishwa mwaka 2015, na kupitia kwake wanachunguza jinsi tumbawe linavyoishi na mwani wake na kwa nini linaupoteza bahari ikipata joto. Mnyama anayestahimili maisha ya maabara hasumbuliwi na kisu chako.

Njia ninayoitegemea ni uji wa chokaa, yaani kalsiamu haidroksaidi, ile ile wanayotumia wenye matangi kuongeza kalsiamu. Changanya na maji baridi kidogo mpaka upate uji mzito unaopita kwenye sindano butu. Zima pampu zote. Sogeza ncha ya sindano taratibu mpaka juu ya mdomo wake, usimguse, kisha mmwagie. Mara nyingi anaupokea kama chakula na kuumeza. Mfunike kabisa pamoja na tundu lake, subiri kama robo saa maji yakiwa yametulia, ndipo uwashe pampu. Ukiweza, nyonya masalia meupe kwa mpira kabla ya kuwasha.

Usifanye tangi zima kwa siku moja. Chokaa iliyokolea majini ina pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) inayozidi 12, wakati tangi letu linakaa kati ya 8.1 na 8.4. Mimi napima ninavyoendelea, na ikivuka 8.5 naacha mpaka siku nyingine. Pia maiti za anemoni wengi kwa mpigo zinachafua maji. Vaa glavu na miwani. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza.

Baada ya siku mbili tatu rudi uangalie yale matundu. Wapo watakaochungulia tena. Wapige tena wakiwa wadogo.

Kasa_wa_Nyali (Mombasa)

Ahsante sana kaka kwa maelezo. Nina maswali matatu. Huku dukani chokaa ya tangi haipatikani kirahisi, je, chokaa ya tambuu inafaa? La pili, kuna aliyeniambia nichome sindano ya ndimu au siki. La tatu, nimeshauriwa nizime taa wiki nzima wafe kwa giza. Tangi langu ni la lita 200, matumbawe mengi ni laini.

Matumbawe255

Dada yangu, maswali mazuri.

Chokaa ya tambuu asili yake ni kemikali hiyo hiyo, lakini nyingine hutiwa rangi au viungo na hakuna karatasi inayokueleza kilichomo. Ya ujenzi ndiyo kabisa usiiguse. Tafuta ya daraja la chakula, ile ya kutengenezea achari, au agiza ya tangi. Inatumika kidogo kidogo, pakiti moja inakaa muda mrefu.

Ndimu na siki zinaua pale tu zinapoingia ndani ya mwili wake. Tatizo ni kwamba huyu mnyama anajivuta haraka. Sindano inamkosa au inamchana, na ukimchana umerudi kule kule kwenye kisu. Ukiwa na mmoja mkubwa aliyekaa mahali pa wazi, jaribu. Wakiwa wengi, hapana.

Giza usilijaribu kabisa. Maabara huwatunza aiptasia gizani kwa makusudi ili wapoteze mwani wao. Wanageuka weupe, wanaendelea kula na kuishi. Atakayekufa ni tumbawe lako.

Muttrah74 (Muscat)

Sheikh Matumbawe, Mungu akubariki kwa uzi huu. Niongeze upande wa viumbe, maana huku Ghuba maduka ya matangi ni mengi na tunapata visivyopatikana huko nyumbani.

Mla aiptasia wa kweli ni koa mdogo wa baharini anayeitwa Berghia stephanieae. Alielezwa kisayansi mwaka 2005 kutoka Florida. Ana urefu wa sentimita mbili hivi, mweupe mweupe, na mgongoni ana vidole vingi laini. Chakula chake ni aiptasia tu, hana kingine. Seli za kuchoma za aiptasia hazimdhuru. Anazimeza na kuzihifadhi kwenye vile vidole vya mgongoni ziwe silaha yake mwenyewe. Kila ninapomkuta usiku kwa tochi nyekundu nasimama kumtazama.

Lakini msimtie tangini kama mnatia kidonge. Anatembea usiku, na mchana anajificha. Usimmwage kutoka juu. Mshushe kwa mrija mpaka kwenye jiwe lenye aiptasia, taa zikiwa zimezimwa. Funika midomo ya pampu kwa sponji, kwa sababu anavutwa na kusagwa. Ukiwa na samaki wanaodonoadonoa mawe usiku au alfajiri, au kamba na kaa wakorofi, unawanunulia chakula ghali. Na uwe na subira ya miezi. Kila mmoja ana jinsia zote mbili, kwa hiyo wawili wowote wakikutana hutaga, na utaona uzi mweupe wa mayai uliojiviringa. Ukiuona huo, kazi imeanza. Aiptasia wakiisha, koa hufa njaa, basi waondoe mapema uwape wenzako.

Manjano hamgusi. Kuna watu wanamnunua kwa ajili ya manjano na kulalamika.

Fundi_Sampu (Nairobi)

Wakuu mimi nataka njia ya mkato. Mawe yangu yamejaa aiptasia na pia kuna zile polipi za rangi rangi, vijinyama kama maua vinavyoota juu ya jiwe, zilizokauka nusu. Nafikiria kuyatoa yote, niyachemshe kwenye sufuria kubwa jikoni, nianze upya. Kuna ubaya?

Matumbawe255

Ndugu yangu, simama hapo hapo. Usichemshe. Nakuomba sana.

Hizo polipi za rangi zinaweza kuwa Zoanthus au Palythoa, na baadhi ya Palythoa wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazotoka kwa viumbe hai. Ilitenganishwa mara ya kwanza na watafiti wa Hawaii mwaka 1971. Ukichemsha jiwe, ukilimwagia maji ya moto au ukilisugua kwa brashi kavu, sumu inapanda na mvuke na kila aliye ndani ya nyumba anaivuta. Mtoto aliyelala chumba cha pili anaivuta. Si wewe peke yako.

Jirani_wa_Leicester (Uingereza)

Nathibitisha alichosema. Machi 2018 huku Uingereza, kijiji cha Steeple Aston, Oxfordshire, familia ilipelekwa hospitali baada ya matumbawe ya tangi lao kusafishwa nyumbani, na wazimamoto walioitwa nao wakapelekwa. Hakuna aliyekunywa wala kula chochote, ni hewa tu. Dalili zinazotajwa ni homa, kikohozi, kubanwa pumzi, maumivu ya misuli, macho kuwasha, na ladha ya chuma mdomoni. Ikitokea, watu wote watoke nje, wanyama wa nyumbani pia, nenda hospitali na umtajie daktari neno palitoksini. Daktari asiyeambiwa anaweza kudhani ni mafua.

Fundi_Sampu

Aisee. Nimeelewa, sufuria nimerudisha kabatini. Sasa nifanye nini na haya mawe?

Matumbawe255

Ahsante kwa kusikia. Kwanza jiulize kama kweli unahitaji kuanza upya. Jiwe hai lina bakteria wanaokusafishia maji, na ukiliua tangi linaanza safari yake moja kwa moja kutoka mwanzo. Kama aiptasia wamekaa kwenye kona moja ya jiwe, litoe, chukua patasi na nyundo, ulowanishe, ukiwa na glavu na miwani na uko nje, umegue kile kipande cha jiwe chote pamoja na wao. Unamega jiwe, humkwangui mnyama. Ila sehemu yenye polipi usiipige patasi.

Kama umeamua kuyaua mawe, njia ya polepole ndiyo salama: yaache kwenye ndoo ya maji ya chumvi yenye kifuniko, nje ya nyumba, gizani, bila pampu wala chakula, mpaka kila kitu kiwe kimekufa. Kisha maji yabadilishwe kwa kumwaga taratibu bila kurusha matone, na mawe yakae mahali pa wazi mbali na watu mpaka yakauke kabisa. Usiyasugue. Wapo wanaotumia dawa ya klorini, na inafanya kazi. Lakini ukiitumia usije ukaichanganya na siki hata tone, maana mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini. Na maji hayo usiyamwage kwenye mfereji unaokwenda baharini au mtoni.

Tumbatu_Mwambao (Unguja)

Salaam alaykum. Nimefuatilia uzi mzuri. Mimi naulizia kamba. Nimeambiwa kuna kamba mwekundu mwenye mistari anayekula aiptasia, na nimemwona mmoja anayefanana naye kwa mvuvi wangu. Niwachukue?

Muttrah74

Waalaykum salaam. Mwangalie vizuri kabla hujatoa pesa. Kamba anayesifiwa ni wa jenasi ya Lysmata, hasa L. wurdemanni na L. boggessi, wa bahari ya Atlantiki upande wa Marekani. Mwili wake ni mwekundu uliofifia na mistari membamba inayokwenda kwa urefu.

Anayemfanana, na ambaye anapatikana bahari yetu ya Hindi, ni Rhynchocinetes durbanensis. Ana nundu mgongoni, macho makubwa, pua ndefu inayoinuka juu, na mistari na madoa meupe yaliyokoza katikati ya wekundu. Huyo anakula matumbawe laini na polipi. Ukimtia tangini aiptasia watabaki na matumbawe yataondoka.

Hata Lysmata wa kweli si wa kutegemea peke yake. Wanamaliza aiptasia wadogo, wakubwa wanawaogopa. Na ukiwalisha vizuri wanaacha kazi. Mimi nawatumia baada ya chokaa, wasafishe vichanga vinavyochomoza.

Tumbatu_Mwambao

Na kitatange? Wavuvi wanawajua, na huku wapo.

Matumbawe255

Kitatange wako wengi, na kila mmoja ana tabia yake. Chelmon rostratus, yule mwenye mdomo mrefu na mistari ya rangi ya shaba, ndiye maarufu duniani kwa kula aiptasia, lakini si wa pwani yetu, na ni mgumu kuzoea chakula cha tangi. Wengi hufa njaa mikononi mwa watu, na mimi siwezi kumshauri mtu amnunue samaki kwa ajili ya kazi ya mwezi mmoja halafu afe.

Wa kwetu ni Chaetodon lunula na Chaetodon kleinii. Wote wanaweza kula aiptasia, na lunula anakula hata manjano. Tatizo ni kwamba hawatofautishi anemoni na tumbawe lako. Usimtie kwenye tangi la matumbawe. Kama una tangi la pili la samaki watupu, kubwa la kumtosha kitatange aishi humo kwa kudumu, peleka jiwe lenye anemoni kule, limalizwe, kisha lirudi. Huo ndio utaratibu ninaoupenda kwa manjano, maana manjano hana mla maalumu kama alivyo Berghia kwa aiptasia.

Kasa_wa_Nyali

Kaka nimepata chokaa ya achari na nimeanza na wale wa mbele. Wanaonekana wamekufa kweli. Ila nina manjano watatu waliokaa katikati ya zoa zangu (zile polipi za Zoanthus), karibu kabisa. Nikimwaga chokaa hapo si nitaua na zoa?

Matumbawe255

Hongera dada, endelea hivyo hivyo taratibu.

Hao wa katikati usiwamwagie uji mwingi. Habari njema ni kwamba manjano hana zile nyuzi nyeupe za aiptasia, na hakimbilii tunduni kwa kasi ile. Kama jiwe linatoka, litoe nje ya maji, wacha maji yachuruzike, kisha weka tone la uji juu ya kila mmoja kwa sindano nyembamba. Nje ya maji chokaa haisambai. Subiri dakika chache, suuza kwenye ndoo ya maji ya tangi, tupa maji hayo, rudisha jiwe. Zoa zitajifunga kwa muda na kufunguka tena. Vaa glavu muda wote kwa sababu ya palitoksini, na ukiwa na kidonda mkononi usifanye kazi hiyo siku hiyo.

Kama jiwe halitoki, tumia gundi ya jeli ya aina ya supaglu. Zima pampu, mfunike manjano mzima kwa gundi pamoja na ukingo wa jiwe unaomzunguka, asipate mwanya. Kwa aiptasia aliyejificha ndani ya tundu njia hii haina uhakika, mara nyingi hutafuta mlango wa pili na kutokea upande mwingine. Manjano aliyekaa juu ya jiwe inamweza.

Jirani_wa_Leicester

Mkuu, na sisi tunaonunua vipande vya matumbawe kwa wenzetu? Nadhani wengi wetu anemoni waliingia kwa njia hiyo. Nimekuwa nikichovya kila kipande kwenye dawa ya kuogeshea matumbawe kabla ya kuingiza.

Matumbawe255

Endelea kuchovya, inaondoa minyoo na wadudu wengine. Lakini aiptasia hujifunga tu akasubiri dawa ipite, kwa hiyo usiihesabu kuwa kinga. Kinachosaidia zaidi ni kukiondoa kile kigingi alichogandishiwa tumbawe. Kivunje au kikate, utupe kigingi, ugandishe tumbawe kwenye kigingi kipya. Anemoni wengi wanakaa chini yake na pembeni, pale ambapo macho hayafiki dukani. Kisha kipande kikae kwenye tangi dogo la pembeni wiki kadhaa, mwanga wa kutosha na chakula kidogo, maana aliyebaki kama kipande cha unyayo anahitaji muda kuonekana. Kagua usiku pia. Magamba ya konokono na mwani wa kupandwa nao ukague, wanabeba.

Na kwa wenzetu wa pwani wanaofikiria kuokota mawe na matumbawe baharini: kwenye hifadhi kama Mafia, Chumbe, Kisite au ile ya Mombasa ni marufuku, na matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Miamba yetu imeshateseka vya kutosha. Omba kipande kwa mwenzako hapa jukwaani, matumbawe ya tangini yanakatwa na kukua tena.

Tumbatu_Mwambao

Nimefaidika. Swali la mwisho: mawe niliyoyatoa yenye anemoni, niyarudishe baharini si ndiko walikotoka?

Matumbawe255

Hapana ndugu yangu. Tangi lako limechanganya viumbe na vijidudu kutoka Indonesia, Florida na kwingineko, na hujui jiwe lilibeba nini humo. Kitu kilichoingia tangini hakirudi baharini, wala maji yake. Yakaushe juani mpaka yawe makavu kabisa, yale yenye polipi yakae mbali na watu kama nilivyomwambia Fundi_Sampu, kisha yatupe nchi kavu. Ukiwa na picha za hao kamba wa mvuvi wako, ziweke hapa tuwatazame pua na mistari kabla hujamlipa.